Kanga ya Visiwa Vitatu na Kimoja

Dola elfu tatu mia tisa na themanini. Ndizo zilizonitoka tangu nilipofunga mlango wa duka mpaka nilipoufungua tena: ndege, kulala, kula, teksi, treni za chini ya ardhi na sampuli ya kanga ambayo habari yake inakuja. Nimehesabu mara mbili. Mara ya pili zilizidi dola sitini, kwa hiyo nimeishika hesabu ya kwanza kwa ajili ya afya yangu. Nawatajia mapema kwa sababu nawajua wenzangu wa Darajani: mtu akirudi safari hamuulizi kama mzima, mnauliza imekula ngapi. Haya, mmeshajua. Sasa tulieni niwaandikie yaliyobaki, maana kila mmoja wenu amenipigia kwa wakati wake na mie sauti imekauka.

Mambo yalivyoanzia Nzuwani

Bi Zalihata baadhi yenu mnamjua: yule mteja wangu wa Mutsamudu, mji wa Nzuwani, mrefu, anayeinusa kanga kabla ya kuitazama. Alisoma Unguja akiwa msichana, na Kiswahili chake hakina kasoro, ila kanga yeye huiita leso. Bintiye Nasma amechumbiwa na Faizi, kijana muuguzi wa kisiwa cha Maore. Kijana huyo kalelewa na shangazi yake, Bi Echati, mwenye duka la vigae na masinki huko huko Maore.

Mpaka hapo ni harusi kama harusi. Tatizo ni maji yaliyo katikati. Visiwa vya Komoro ni vinne: Ngazija, Mwali, Nzuwani na Maore. Mfaransa alipokuwa anaondoka, vitatu vilishika njia yao, watu wa Maore wakapiga kura wabaki na Ufaransa. Serikali ya Komoro inasema mpaka leo kisiwa cha nne ni chao, na bendera yao ina nyota nne. Ufaransa inasema Maore ni Ufaransa kama mtaa wowote wa Paris. Mtu wa Nzuwani akitaka kwenda Maore, lazima awe na viza, na wengi hawaipati. Wapo wanaovuka bila viza, kwa boti za magendo. Wengine wamefika, wengine mama zao wanangoja habari hadi leo. Bi Zalihata ameomba viza mara tatu na mara tatu amenyimwa.

Sasa njooni kwenye kanga. Kwao, kama kwetu, harusi ina sare, na wanawake wa pande zote mbili huvaa kanga ya namna moja. Zalihata alitaka visiwa vinne vichorwe katikati. Echati aliposikia alinitumia ujumbe wa sauti, kwa upole kabisa, kwamba Maore ikitiwa kundini na vile vitatu watu wake hawataivaa wala hawatahudhuria. Yeye anataka Maore peke yake. Zalihata naye akasema Maore ikichorwa peke yake, basi binti yake anaolewa kwa wageni, na yeye hana mtoto wa kupeleka kwa wageni. Doti zangu mia nane zikasimama hapo, hazijachapwa hata moja.

Echati haendi Nzuwani. Aliwahi kwenda msibani akatupiwa maneno ya siasa mbele ya maiti, akasema basi. Zalihata haruhusiwi kwenda Maore. Lakini Echati kila maonyesho ya biashara ya Pazhou yupo Guangzhou kununua vigae, na Wachina viza wanampa Zalihata bila kinyongo. Hivyo wanawake wawili ambao mmoja angeweza kutoka kwake asubuhi akala chakula cha mchana kwa mwenzake, wakakubaliana kuonana Uchina, na mie nikae kati yao kwa kuwa kiwanda cha kanga cha huko nakijua. Zalihata aliniambia kabla ya kuondoka, "Tukikosana huko, Bi Salma, harusi hakuna. Nimeshamwambia na Nasma."

Dar hadi Addis, na mfungo usio wangu

Tulipanda ndege pamoja Dar, mie na Zalihata. Addis tulitakiwa tukae muda wa kunywa chai tu. Ndege ya Guangzhou ikapata ugonjwa, wakasema injini inaangaliwa, na wote tunajua injini ikianza kuangaliwa haina haya tena. Tukapewa vikaratasi vya chakula. Mie nikasema kwa Kiingereza changu kwamba nataka chakula cha Muislamu, yule binti akaitikia kwa furaha, akaniletea mboga, dengu na mboga. Nikauliza nyama iko wapi. Kumbe walikuwa kwenye mfungo wao wa kanisa, jikoni hakuna nyama ya dini yoyote. Nikafungishwa mfungo wa watu bila nia.

Hapo ndipo tulipomwokota Mama Glory. Mama Glory ni wa Mwanza, anauza nguo na simu, na amekwenda Guangzhou mara nyingi hata Kichina cha sokoni anakisema bila kusimama. Alikuwa amekaa juu ya begi lililokuwa na begi ndani, na ndani ya hilo jingine. Aliombea dengu zake, akazila, halafu akaniomba zangu. Mpaka ndege inapona tulikuwa ndugu.

Usiku ule ndani ya ndege Zalihata alinieleza habari za nyumba. Kwao si kama kwetu: mwanamume akioa huhamia kwa mkewe, na nyumba ni ya mke, imejengwa na wazazi wake. Zalihata ameijenga ya Nasma kwa miaka, vyumba viwili na kibaraza, kila mwaka ukuta mmoja. Na mtoto wa kwanza huzaliwa huko, mama wa binti akiwa kando. Faizi hawezi kuhamia Nzuwani, mshahara wake uko Maore. Kwa hiyo Nasma ndiye atakayekwenda, karatasi zake kama mke wa raia zitapatikana. "Nyumba nitafugia kuku," akasema Zalihata, akageukia dirishani. Mie nilidhani anatania.

Xiaobei

Guangzhou, jamani, sifa zake sitazimaliza. Unatoka uwanja wa ndege, unashuka chini ya ardhi, unaibukia Xiaobei, mtaa wa wafanyabiashara wa Kiafrika, na hakuna mtu aliyekupigia kelele. Barabara zimepandana, moja juu ya nyingine juu ya nyingine, na hazina haraka ya kuanguka. Nimeitazama ile kazi nikaona aibu kwa niaba ya lile daraja letu, mnalijua.

Nyumba ya wageni alituongoza Mama Glory. Mwenye nyumba alitaja bei, nikacheka. Akataja nyingine, nikashika begi langu. Akanishika mkono akisema "pengyou, pengyou," yaani rafiki, na mtu akishakwambia rafiki huko ujue bado ipo nafasi ya kushusha. Tukalala watatu chumba kimoja kwa bei ya mmoja na nusu. Nilijisifu mpaka asubuhi, nilipogundua kuwa maji ya moto hayakuwamo kwenye bei hiyo.

Chakula tulikula kwa Waislamu wa Kichina, wenye kofia nyeupe, wanaotengeneza tambi kwa mikono. Yule mpishi anaushika unga, anauvuta, anaukunja, anauvuta tena, mara donge limekuwa nyuzi. Nilijaribu kuzihesabu nikashindwa, na mie si mtu wa kushindwa kuhesabu. Ukiomba maji unaletewa ya moto, ukiomba ya baridi unatazamwa kama umeomba sumu. Zalihata alikuwa hali. Anashika vijiti, anaviweka. Mama Glory akamwambia, "Mama bwana harusi, kula, ugomvi unataka nguvu." Nikamsahihisha kuwa huyu ni mama bibi harusi. Akasema ndiyo maana, wa upande huo ndio wanaotakiwa kula zaidi.

Foshan, kiwandani

Kiwanda nilichosema nakijua, nilikuwa simjui mwenyewe tena. Laoban wa zamani, bosi wangu wa miaka yote, amestaafu, na kiwanda amekishika mkwewe, Bi Lin, mwanamke mwembamba aliyezoea kuchapa vitambaa vya meza. Mashine ni zile zile, ndefu kama msikiti, kitambaa kinaingia cheupe upande huu kinatoka kimechanua upande ule, rangi haijavuka mstari hata unywele. Nilisimama pale nikasahau kilichonileta.

Zalihata alibaki mjini akinunua sahani, kwa hiyo tulikuwa mie na Mama Glory. Kazi ya kwanza ilikuwa kumwelewesha Bi Lin kanga ni nini. Kwamba inakuja mbili mbili, zimechapwa kwenye kitambaa kimoja, hazijakatwa; kwamba mbili hizo zinafanana kabisa; kwamba mwenyewe anakwenda nazo nyumbani anazikata na kuzipinda. Bi Lin aliandika, akafuta, akauliza kwa nini mtu anunue kitu kile kile mara mbili. Mama Glory akamwambia moja ya kujifunga na moja ya kujitanda. Bi Lin akasema sawa, lakini kwa nini zifanane. Nikamwambia ndivyo ilivyo. Akatazama kama mtu anayenihurumia.

Kisha nikatoa michoro. Nilikuwa nayo miwili: wa Zalihata wenye visiwa vinne, na wa Echati wenye Maore tu. Pindo la yote miwili ni maua ya mlangilangi, hilo walikubaliana. Nikamwambia Mama Glory amweleze kuwa mmoja kati ya hii ndio utakaochapwa, tutamjulisha, lakini atengeneze sampuli tupate kuuona ukubwa. Mama Glory akaeleza kwa muda mrefu. Bi Lin uso ukamnawiri. Ningejiuliza kwa nini umenawiri, lakini nilikuwa nimeshaanza kushusha bei.

Kabla hatujaondoka aliuliza jambo moja, kwa tahadhari. Ramani zina matatizo, alisema, zikitoka bandarini hutazamwa sana. Hivi visiwa ni vya nani?

Mama Glory akanigeukia. Nikafikiri kura, bendera, Paris, viza tatu zilizonyimwa.

"Mwambie vya wenyewe," nikasema.

Bi Lin akaandika.

Pazhou, kwenye vigae

Echati tulimkuta maonyeshoni Pazhou. Zile kumbi za Pazhou ukiingia mlango mmoja asubuhi, ukitokea mwingine, viatu vimekuwa vya mtu mwingine. Taa peke yake zina ukumbi. Masinki yana ukumbi. Nilipita mahali panapouzwa vishikio vya milango tu, mwanzo mpaka mwisho, na watu wanavinunua kwa makontena.

Nilimtambua Echati kabla ya kuonyeshwa, kwa namna alivyokuwa akimtesa muuzaji. Mwanamke mfupi, mnene, miwani kifuani, kaketi kwenye kiti cha muuzaji, muuzaji mwenyewe kasimama. Alichukua kigae akakipiga kwa pete yake, akasikiliza, akakirudisha. Akachukua kingine. Hasemi bei. Muuzaji akashusha mwenyewe. Akapiga kingine. Akashusha tena. Mie nimeuza na kununua tangu sijaota meno ya ukubwani, na sijawahi kuona bei ikishushwa na pete. Nilimpenda hapo hapo, na nikaogopa kwa ajili ya Zalihata.

Kumbe sikuhitaji kuogopa hivyo. Walipoonana walishikana mikono yote miwili, wakaulizana wagonjwa na waliofariki, mmoja mmoja kwa majina, kwa ile lugha yao ambayo mie nakamata nusu. Bibi yake Zalihata alizaliwa Maore. Kaburi la babu yake Echati liko Nzuwani. Walizungumza kama watu waliolelewa uani pamoja. Echati akatununulia uji wa mchele wenye samaki, akalipa kabla hatujajua ni kiasi gani, na Zalihata akala bakuli zima. Neno la kanga hakulitaja mtu. Nikaona mambo yamekwisha.

Tulipoachana Echati akaniita pembeni. Akaniambia kwa Kiswahili cha polepole kwamba anampenda Zalihata, anampenda Nasma, na kanga ya vinne haivai.

Tianxiu, sampuli

Wakala wetu wa mizigo ana ofisi Tianxiu, katika lile jengo ambalo lifti zake zimejaa mabegi kuliko watu. Alituachia meza akaenda kuswali. Tulikuwa wanne: mie, Mama Glory, Zalihata, Echati. Sampuli ililetwa na mtu wa pikipiki ndani ya bahasha, na wao tayari wamekaa, hivyo niliifungua mbele yao bila kuitazama. Mie ninayehesabu kila kitu mara mbili, hii sikuihesabu hata mara moja.

Tukaikunjua. Doti nzima, haijakatwa, maua ya mlangilangi yamezunguka pande zote, rangi tamu mno. Kwenye nusu ya kwanza: Ngazija, Mwali, Nzuwani. Kwenye nusu ya pili: Maore. Katikati, ule mstari mweupe wa kukatia.

Mama Glory akampigia Bi Lin, wakasemezana, akaweka mkono kwenye simu.

"Anasema michoro yenu ilikuwa miwili, na kanga ni mbili, akaona ndiyo akili yake. Halafu hicho kisiwa kilikuwa kimechorwa mara mbili, akakitoa mara moja. Anasema kazi hiyo ni bure."

Nilianza kuomba radhi, nikisema hii si kanga, tangu dunia iumbwe kanga mbili zinafanana, nitairudisha leo leo. Hawakunisikiliza. Zalihata alikuwa anatazama nusu yenye vitatu, na kidole chake kiko mahali ambapo Maore ingekuwa. Echati alizunguka meza akasimama upande wa Maore yake. Alivaa miwani.

"Mbona kinaonekana kama kimesahauliwa," akasema.

"Si ndivyo ulivyotaka, dada?"

"Ndivyo." Akavua miwani. "Zalihata, kila mkichora vinne mnatuchora kama mbuzi aliyepotea, zizi liko wazi anangojwa. Mie sikupotea. Niko kwangu. Mama yangu alipiga kura yake kwa mkono wake na hakutumwa na mtu."

"Sijasema umepotea. Nimesema siwezi kuja."

Sasa jamani, hapa mniachie nijisifu kidogo, maana katika safari nzima hapa ndipo pesa yangu ilipofanya kazi. Mteja akigombania rangi ya pindo kutwa nzima, hataki rangi. Kuna kitu kingine anakitaka na anaogopa kukitaja kwa sababu kikikataliwa hana pa kurudi. Nikamwambia Zalihata aseme anachokitaka, na kisiwe cha kitambaa.

Zalihata akamgeukia Echati.

"Mtoto wa kwanza wa Nasma atazaliwa wapi?"

"Hospitali," Echati akasema. "Faizi anafanya kazi hapo hapo. Au unataka azaliwe Mutsamudu, halafu karatasi zimsumbue maisha yake yote?"

"Sitaki akose kitu. Maore ina hospitali nzuri, najua, ndiyo maana watu wanafia majini wakiikimbilia. Azalie huko. Mie nataka niwepo."

Mama Glory alikuwa ameacha kutafsiri. Simu iko wazi, Bi Lin yuko Foshan anasikiliza lugha asiyoijua.

Echati alipiga pete mezani, pole pole, kama alivyokuwa anapiga vigae.

"Nitakuandikia mwaliko," akasema. "Kwa jina langu, nyumba yangu, chumba changu. Nitaupeleka mwenyewe mpaka dirisha la viza. Lakini ofisi si yangu, dada. Wakikataa usije ukanidai."

"Sitakudai."

"Utanidai. Mie ningekudai."

Zalihata akacheka, cheko dogo lililotokea puani, na Echati akacheka kwa kuona kacheka. Wakashikana tena mikono yote miwili juu ya kile kitambaa. Mama Glory akageukia ukutani akajifanya anasoma kalenda ya Kichina.

Nilipouliza sasa turudishe sampuli ichorwe upya vipi, wote wawili wakasema isiguswe. Nikawaambia ikikatwa, ni vitatu huku na kimoja kule. Echati akasema hivyo ndivyo watu wake watakavyoivaa, watajitanda Maore mabegani na vile vitatu watajifunga kiunoni, na mwenye kusema na aseme. Zalihata akasema asiyetaka kuikata asiikate. Nikamkumbusha hakuna mtu anayevaa doti nzima, atajikwaa.

"Ataitandika kitandani," akasema Zalihata.

Bi Lin alikuwa anauliza kwenye simu kama arekebishe. Mama Glory akamwambia hapana, chapa hivyo hivyo, doti mia nane. Nimekaa na wafanyabiashara wakubwa, nimewaona wanaume wakisuluhishwa na mawakili wenye tai. Sijaona mapatano mazuri kama yale, na yalimalizika kabla wakala hajarudi kutoka msikitini.

Huangpu

Mizigo iligawanywa mafungu mawili, nusu kupelekwa Mutsamudu na nusu Maore, ndani ya vigae vya Echati. Nilikwenda Huangpu bandarini kuona inavyopakiwa, ingawa wakala aliniambia si lazima. Mie mzigo wangu hupenda kuuaga. Zile winchi zinanyanyua kontena kama wewe unavyonyanyua kikombe, na aliye ndani ya kibanda chake huko juu ni nukta. Hakosei. Nilimtazama mpaka shingo ikauma.

Kucheleweshwa kulikuja hapo, kama Bi Lin alivyosema. Mtu wa ukaguzi aliona ramani, akataka kujua ni ya wapi. Wakala akatoa picha, ikakuzwa, ikatazamwa, ikapelekwa kwa mkubwa. Siku mbili tukakaa kwenye kiduka cha nje ya geti tukila mayai yaliyochemshwa kwenye chai, na mie nikifikiria kwamba baada ya yote yale, harusi inavunjwa na serikali ya tatu. Siku ya pili jioni wakala akatoka anatabasamu. Wameridhika kwamba hakuna kisiwa chao humo. Vya wengine haviwahusu.

Zalihata na Echati waliagana uwanja wa ndege. Ndege ya mmoja inapita Addis, ya mwingine inapita Paris, kisha irudi mpaka bahari ile ile. Echati alimfungia Zalihata tambi kavu kwenye mfuko. Mama Glory alibaki. Alikuwa bado ana begi moja halijajaa.

Nyumbani

Nimerudi mwezi wa pili sasa. Kanga zimefika kote kuwili, rangi haikutoka hata tone. Echati ameshagawa zake, na kwao ukigawa leso umeshaitangaza harusi, hakuna tena kurudi nyuma. Amenitumia picha: wanawake wake wamejitanda Maore mabegani, wanapendeza, na mmoja pembeni ameivaa kichwa chini.

Mwaliko Echati aliuandika, na aliupeleka dirishani mwenyewe kama alivyosema. Hilo Faizi amelithibitisha. Ofisi imeupokea, haijajibu. Inaweza kujibu kesho. Inaweza kujibu Nasma akiwa amezaa watatu.

Marobota ya Zalihata yako ndani ya ile nyumba aliyomjengea Nasma, hayajafunguliwa. Amenipigia juzi. Hakupayuka, hakulia. Anasema akigawa leso, binti kaenda, na yeye kabaki na ahadi ya mtu anayempenda na ofisi isiyomjua. Asipogawa, anamwaibisha Echati ambaye watu wake wameshavaa, na Nasma hatamsamehe. Akaniuliza, "Wewe ulikuwepo, uliuona uso wake. Nigawe, au ningoje jibu?"

Uso niliuona. Ni uso wa mtu mkweli, na ningemkopesha duka langu lote. Lakini aliyeombwa viza si Echati. Bei za vitu vingi nazijua, hii sijawahi kuisikia ikitajwa, na kila nikiipiga hesabu inanitoka tofauti. Nimemwambia nitamjibu Ijumaa baada ya swala. Nyie ambao mabinti zenu wako Muskati, na wewe Bi Rukia ambaye wako aliolewa Uholanzi na wajukuu unawajua kwa simu: kama mngerudishwa siku ile, na leso ziko mikononi mwenu, mngegawa? Niambieni kabla ya Ijumaa.